Droni Katika Mahindi ya Mama Felix

Kazi yangu ya kila asubuhi wakati wa likizo ya Agosti ni kupeleka maziwa barabarani. Saa moja kasoro huwa nimesimama pale kwenye kona na mkebe wetu, nikisubiri gari la ushirika. Kapseret ina baridi mwezi huo, na anayesema nchi yetu ni ya joto hajawahi kushika mkebe wa chuma alfajiri ya Agosti. Mimi huvaa sweta mbili, na mikononi huvaa soksi, kwa sababu glavu zangu nilizipoteza mwezi wa Juni na Mama akasema hanunui nyingine. Kwa hiyo msidhani mambo ya kupoteza vitu nilianza na droni.

Nyumba yetu iko kati ya mashamba mawili. Mbele, ng'ambo ya barabara, kuna ngano ya tajiri mmoja anayeishi mjini Eldoret. Nyuma, baada ya zizi la ng'ombe wetu, kuna mstari wa mikaratusi mirefu, kisha mahindi ya Mama Felix, ekari mbili, kisha malisho yaliyo wazi. Ukiendelea upande huohuo unafika uwanja wa ndege. Ndege zinaposhuka huwa chini kiasi kwamba tunaona magurudumu yake.

Likizo hiyo mjomba wangu Kigen alikuwa kwetu. Yeye ni mdogo wa Mama, anasoma chuo kikuu kule Kesses, na droni ndiyo mchezo wake. Aliiunda mwenyewe kwa mwaka mzima, kipande baada ya kipande: mikono minne, mapanga manne ya kuzunguka ili iruke, na kamera ndogo iliyotuma picha kwenye simu yake ya zamani. Chuoni wana chama cha warushaji chenye ruhusa ya kurusha katika uwanja mmoja tu, na kila Jumamosi alikwenda huko na sanduku lake la mbao. Mara nyingine alinichukua, akanipa rimoti, lakini vidole vyake havikukaa mbali na vyangu.

Jambo moja hakulifanyia mzaha. Droni hairushwi Kapseret. Alisema ndege za watu zinapita hapa, na kitu kidogo kama droni kikigonga ndege, watu wanaweza kufa. Mwanachama anayerusha karibu na uwanja wa ndege hufukuzwa, na ana kesi ya kujibu. Alinieleza pia kuhusu baridi. Kabla ya kurusha, alikuwa akiipasha betri joto kwapani kwa robo saa nzima, huku mimi nikimcheka.

"Betri ikishikwa na baridi inakuwa mwongo," aliniambia. "Inakuonyesha imejaa, kumbe haina kitu."

Ijumaa hiyo Mama alikwenda Yamumbi kusaidia matayarisho ya harusi ya binamu yake, arudi Jumapili. Anko Kigen naye alikwenda mjini kutengeneza kompyuta yake, arudi jioni. Nilibaki mimi, ng'ombe na sanduku lililokuwa juu ya kabati. Ningependa kusema kuna mtu aliyenishawishi, lakini hakuna. Nilitaka tu kuishika droni peke yangu, angalau mara moja, bila mtu kuniambia polepole, Linet, polepole.

Nilikwenda nayo nyuma ya zizi, mahali nilipojua hatanipita mtu. Mikaratusi ilikuwa imeukinga upepo, hata nikaona siku ni tulivu. Betri sikuipasha joto. Simu ilionyesha imejaa, nikaona hiyo inatosha.

Droni iliruka vizuri. Kwenye simu niliona bati letu lenye kutu, kisha mgongo wa ng'ombe wetu, kisha mimi mwenyewe na sweta yangu nyekundu, mdogo kabisa, nikiwa nimeinua uso. Nilicheka peke yangu. Nikaipandisha zaidi, ikapita vilele vya mikaratusi, na hapo ndipo upepo ulipoikamata.

Ule upepo sikuwa nimeuona kwa sababu ya miti. Droni iliinama upande, picha ikaanza kuteleza, na nilipotazama tena chini yake palikuwa na mahindi ya Mama Felix. Nikaivuta irudi. Ilielekeza pua kwangu ikinguruma, lakini bado ilikwenda kinyumenyume. Betri ilisoma sabini. Nilipopepesa macho ikasoma arobaini, kisha kumi na nane, na rimoti ikaanza kulia. Niliona kichuguu kikubwa kilicho katikati ya mahindi yale kikipita chini. Halafu picha ikakatika, simu ikawa nyeusi.

Ndipo nikasikia ndege. Sikuiona, maana mawingu yalikuwa yameshuka, lakini mlio wake ulikuja kutoka upande wa malisho na ukazidi kukua. Droni nayo nilikuwa bado naisikia huko juu. Ningeweza kuishusha. Rimoti ilikuwa mikononi mwangu, na ilitosha kuvuta kijiti chake chini kwa kidole kimoja. Badala yake niliiweka rimoti chini kwenye nyasi, nikakimbilia zizini, nikajificha ubavuni mwa ng'ombe wetu na kuanza kusema Baba Yetu. Nilipofika mwisho nikaanza tena. Mara ya pili nilipokuwa nusu, ndege ikapita salama, na nilipotega sikio sikusikia kitu kingine.

Niliingia katika mahindi kuitafuta. Mahindi yale yalikuwa yamenizidi urefu, na majani yake yaliyolowa yalinikwaruza mashavu. Baada ya mistari michache sikujua tena nilikotoka. Manyunyu yalianza, soksi za mikononi zikalowa, vidole vikafa ganzi. Nilizunguka kile kichuguu hadi nikachoka, nikatazama kila shina chini, nisipate hata msumari.

Nilipotoka kandoni nikakutana na Mama Felix ana kwa ana. Huyu ni jirani yetu, mama mpole anayeishi kwa maziwa ya ng'ombe wake wanne. Aliniuliza natafuta nini kwenye mvua, na mdomo wangu ukajibu kabla yangu. Nilisema natafuta kuku wetu aliyepotea. Alisikitika, akasema akimwona atamfungia.

Alikuwa na furaha siku hiyo. Alinionyesha shimo alilochimba, karatasi ya nailoni aliyonunua, na dumu la molasi ya kuitia sileji utamu. Kwetu mahindi mengine hayasubiriwi yakauke. Hukatwa mabichi, mashina na majani na magunzi yote pamoja, yakasagwa na mashine, yakashindiliwa shimoni na kufunikwa, yawe sileji ya kulisha ng'ombe wakati majani yamekauka. Mashine tunayoitumia kwetu ni moja tu, ya Abdullahi, baba ya rafiki yangu Nasteha. Mama Felix alikuwa ameisubiri wiki mbili.

"Kesho saa mbili wanakuja," alisema. "Wakichelewa tena, mahindi yatakauka na nitakosa."

Mwaka juzi ng'ombe wake bora, Lelgut, alikataa kula, akavimba, akafa baada ya wiki moja. Daktari wa mifugo alipompasua alimkuta na kipande cha waya kilichotoboa hadi karibu na moyo. Waya ule ulikuwa umeingia kwenye chakula, na ng'ombe hachambui, humeza tu. Lelgut aliacha ndama wa siku kumi aliyeitwa Zawadi. Mimi ndiye niliyemnywesha Zawadi maziwa kwa chupa jioni nyingi, na sasa alikuwa mkubwa, ana mimba yake ya kwanza. Nilisimama pale mbele ya shimo nikijua kwamba ndani ya mahindi hayo kuna skrubu, nyaya, mapanga na betri. Nikamuaga Mama Felix, nikaenda nyumbani.

Nyumbani nilifanya mambo mawili ambayo mpaka leo yananiaibisha. Nilirudisha rimoti sandukuni pamoja na kipande cha ukuni ili liwe na uzito. Kisha nilichukua simu ya zamani na kufuta safari nzima ya siku hiyo, ramani na picha, ili Anko asijue droni ilitoka. Nilijiambia nitaamka mapema, niipate kabla ya trekta. Usiku niliusikia upepo ukitikisa bati, na sikulala vizuri.

Asubuhi sikupata nafasi. Anko Kigen alikuwa hajui kukamua vizuri, tukachelewa, na mimi nikiwa bado pale konani na mkebe wa maziwa, trekta ikanipita. Abdullahi alinipungia mkono. Nasteha alikuwa ameketi nyuma kwenye tela akishikilia chupa ya chai, kichwa amekifunika kwa shali mbili, akaniita nikamsaidie kushindilia sileji kama mwaka jana. Mashine ya kukata ilikuwa imefungwa nyuma ya trekta. Inapopita inameza mstari mzima wa mahindi, na kinachoingia hutupwa kwa nguvu kupitia bomba refu hadi kwenye tela.

Nilipofika nyumbani Anko alikuwa mezani, sanduku limefunguliwa mbele yake. Ilikuwa Jumamosi, siku yake ya Kesses, na mimi kwa hofu yangu nilikuwa nimeisahau. Alikuwa ameushika ule ukuni mkononi, akiugeuza. Aliniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa droni iko wapi.

Nililia kweli, lakini hata machozi ya kweli yanaweza kusindikiza uongo. Nilikiri kwamba niliichukua. Nikasema niliirusha upande wa mbele, juu ya ngano, na upepo ukaenda nayo. Nilichagua kosa dogo nikalitoa ili lile kubwa libaki limefichika. Alipotazama simu na kukuta hakuna kitu, nilisema labda niligusa mahali bila kujua. Alinitazama kidogo, akavaa gambuti, akachukua kofia, tukavuka barabara.

Tulitafuta katika ngano iliyokuwa imefika kiunoni mwangu, na upepo ulikuwa ukiilaza na kuiinua. Suruali ya Anko ililowa hadi mapajani. Kila mara aliniuliza ni upande upi hasa, nami nikaonyesha popote kidole kilipoangukia. Nyuma yetu, ng'ambo ya nyumba, nilisikia trekta ikiwashwa, kisha ule mlio wa mashine inapoanza kula. Ilikwenda hadi mwisho, ikageuka, ikarudi. Huo ulikuwa mstari wa kwanza na wa pili. Nikaanza kuhesabu bila kutaka.

Baada ya muda Anko alinyoosha mgongo, akasema neno lililonikata kuliko kama angenipiga.

"Sijakasirika sana, Linet. Nashukuru tu hukuirusha kule upande wa ndege."

Mashine iligeuka tena. Akilini nilimwona Zawadi akiwa amenyoosha shingo kwenye hori. Nilimwona Nasteha kando ya shimo, akisubiri tela limwagwe aingie na miguu yake kushindilia. Nikageuka, nikakimbia. Anko aliniita mara mbili. Nilivuka barabara bila kutazama, nikaizunguka nyumba, nikapita kati ya mikaratusi na kuingia shambani, na trekta ilikuwa ikinijia na mstari wake. Nikasimama mbele yake mikono juu.

Abdullahi alipiga breki na kuzima. Aliteremka akiwa amekasirika sana, akaniuliza kama nataka avunwe mtoto badala ya mahindi. Mama Felix alikuja mbio, gauni limeshikwa mkononi, na Nasteha nyuma yake. Anko Kigen alifika mwisho, anatweta. Nikasema mbele yao wote.

"Droni haiko kwenye ngano. Niliirusha huku, ikaangukia humu."

Hakuna aliyenipigia kelele. Ingekuwa afadhali. Abdullahi alilitazama tela lake lililojaa nusu. Mama Felix alitazama shimo ambalo tayari lilikuwa na mizigo miwili, akauliza polepole kama hicho kitu kina chuma. Anko akajibu kwamba kina chuma, na betri yake ikikatwa inaweza kuwaka moto hapohapo, kwenye mashine au shimoni. Aliposema hivyo hakunitazama.

Mama Felix aliketi juu ya dumu la molasi. Alisema mara hii ni Lelgut wa pili.

Abdullahi alisema chuma kikiingia kwenye mashine yeye hukisikia, na hakusikia kitu. Lakini alikiri kwamba waya mwembamba unaweza kupita. Alikuwa na kazi nyingine Yamumbi saa sita, na mbingu upande wa mashariki ilikuwa imeshaanza kuwa nyeusi. Mvua ya mawe ikinyesha kwenye shimo lililo wazi, sileji yote inaoza. Akatupa nusu saa.

Nikawaeleza nilichokiona: kichuguu kilipita, kisha picha ikakatika. Tulijipanga watano, kila mmoja na mistari yake, tukatembea taratibu kuzunguka kichuguu huku tukipekua mashina. Abdullahi mwenyewe alitafuta. Hatukupata kitu. Tukarudi tena kwa mistari mingine. Upepo ulikuwa ukipiga majani hadi tulilazimika kuitana kwa sauti, na matone mazito ya baridi yakaanza moja moja. Dakika ishirini zilipita. Abdullahi alitazama saa, akatazama wingu.

Mama Felix ndiye aliyesema kwanza. Sauti yake haikuwa na hasira. Alisema basi lazima iko kwenye ile iliyokatwa, na haiwezi kulishwa ng'ombe, ataitupa yote. Ilikuwa theluthi ya chakula chake cha kiangazi. Nilijua hawezi kununua kingine.

Anko Kigen alichutama mbele yangu, uso wake ukawa usawa mmoja na wangu.

"Linet, picha ilipokatika, uliishusha au uliipandisha?"

Nilitazama gambuti zake. Kusema niliirusha mahali palipokatazwa kulikuwa kugumu, lakini hili lilikuwa gumu zaidi. Kule nilikosea. Huku nilikuwa nimekimbia, na nilipokimbia kulikuwa na watu ndani ya ndege. Nasteha alinishika mkono, soksi yangu ikiwa bado imelowa, akaniambia kwa sauti ndogo niseme tu, maana baba yake akirudi kwenye ile trekta hatateremka tena.

"Sikuishusha wala sikuipandisha," nilisema. "Nilisikia ndege nikaogopa. Niliweka rimoti chini nikaenda kujificha. Niliiacha hewani."

Anko alifumba macho. Nilidhani sasa atasimama aniache. Alipoyafumbua aliniuliza ilikaa hewani muda gani, na nikamwambia kuhusu Baba Yetu, moja nzima na nusu ya pili. Akaniambia niiseme tena, vilevile nilivyoisema zizini. Nikaisema mbele yao, kwa aibu, na yeye akitazama saa ya simu.

"Dakika nzima," alisema. "Droni isiyo na mtu haishuki. Inakwenda na upepo mpaka betri ife. Tumekuwa tukiitafuta mahali ambapo haikuwahi kuanguka."

Mama Felix alisimama. Alichota kiganjani mahindi yaliyosagwa kutoka telani, akainua mkono juu kabisa, akaachilia. Vipande vilipeperuka kuelekea kona ya mwisho ya shamba, upande wa malisho. Alisema upepo wa Agosti hapa kwake haubadiliki, na jana ulikuwa huohuo. Tukaenda wote, tukikimbia sasa, mvua ikitupiga mgongoni.

Tulipofika kule tuliinama tena kama tulivyozoea. Nasteha peke yake ndiye aliyeinua kichwa, nafikiri alikuwa akipanga shali yake. Akaita. Droni ilikuwa juu, imenaswa kati ya vilele vya mahindi mawili, mkono mmoja umejikunja kwenye mbelewele, ikibembea. Jana yake nilikuwa nimetafuta chini tu.

Anko aliinamisha mashina yale taratibu na kuitoa. Panga moja lilikuwa limevunjika na kipande chake kilikuwa bado kinaning'inia kwa uzi. Betri ilikuwa baridi na imevimba. Aliibeba mbali na sisi, akaifukia katika ndoo ya mchanga. Abdullahi hakuifuata droni. Alirudi kwenye trekta yake akihesabu kwa kidole mistari iliyofuata pale alipoishia kukata. Moja, mbili, tatu, nne. Mistari ya shamba lile inakwenda kutoka mikaratusi hadi malishoni, na ule wa nne ndio uliokuwa na droni. Alivua kofia, akaivaa tena, akawasha injini.

Tulishindilia sileji ile sote kwa miguu yetu, hata Anko, na tulikuwa tukivuta karatasi ya nailoni kufunika wakati mawe ya mvua yalipoanza kulia juu yake. Mama Felix aliwapa wote chai. Alinipa na mimi kikombe. Lakini hakunisemesha, na nilikunywa chai ile bila kuusikia utamu wake.

Jioni hiyo Anko alimpigia simu mwenyekiti wa chama chao, nikiwepo, akamwambia kila kitu: kwamba droni yake iliruka karibu na uwanja wa ndege, na kwamba aliiacha mahali mtoto anaweza kuifikia. Walimsimamisha kurusha hadi Novemba, wakamwambia aandike barua kwa mamlaka ya usafiri wa anga. Nilimuuliza kwa nini amesema wakati hakuna aliyejua.

"Wewe umesema mbele ya watu wanne," alinijibu. "Mimi mtu mzima nijifiche nyuma yako?"

Mama aliporudi Jumapili nilimweleza mwenyewe, kuanzia betri niliyoacha kuipasha joto hadi ukuni wa sandukuni. Alinipa adhabu ya kusafisha zizi la Mama Felix kila Jumamosi mpaka shimo lifunguliwe. Nilikwenda. Mama Felix alinionyesha kazi na kuniacha nifanye. Wiki zilipita hivyo, na Zawadi akazaa ndama jike mwenye mdomo mweupe, sawa na wa Lelgut.

Shimo lilifunguliwa mwisho wa Septemba, siku ya shule, baada ya masomo. Mama Felix alimtuma mtu aniite. Nilimkuta amekunja nailoni upande mmoja, na ile harufu ya sileji iliyoiva, chachu yenye utamu, imejaa pale. Alijaza karai, akanipa, akaniambia nimpe Zawadi. Sikuweza kumwaga tu. Niliweka karai chini na kuanza kuchambua kwa vidole, kipande kwa kipande, ingawa nilijua hakuna kitu. Yeye alisimama akinitazama mpaka nikafika chini kabisa.

"Siku ile ulisema ukweli mara mbili," aliniambia. "Mara ya kwanza uliuchagua. Ulitoa ule usiokuuma sana, tukatafuta watu watano, hatukuona kitu. Mara ya pili ulitoa wote, na tukaona mara moja. Mtoto wangu, kila mtu hukosea, hata mimi. Lakini ukikosea, usiwapimie watu ukweli kwa kijiko. Utoe wote, na uutoe mapema, kabla ya mtu mwingine kuumia kwa ajili yako."

Nilisema nimesikia. Macho yalinijaa, sikuyaficha. Nilimwaga sileji horini na Zawadi akatumbukiza mdomo wake, akala kwa haraka, akatafuta mkono wangu kwa ulimi kuona kama nimebaki na kitu. Mama Felix aliokota karai. Alikuwa ameshageuka kwenda, akasimama.

"Na kuku wako je?" aliuliza. "Nilimtafuta hadi nikachoka. Hata banda nilimtengea."

Nilikuwa nimemsahau kabisa. Nilipomtazama usoni niliona anajua, na anasubiri.

"Hakukuwa na kuku, Mama Felix," nilisema.

Alicheka, kwa mara ya kwanza tangu Agosti, akanipa karai niende nikajaze tena.